Kuunganisha umeme wa kuingilia, breki na vihisi joto kwenye draivu ya mota

Fundi anapofungua mlango wa paneli yenye draivu, jicho lake huenda kwanza kwenye nyaya nene: L1, L2 na L3 zinazoleta umeme, na U, V na W zinazoupeleka kwenye mota. Nyaya hizo zina skrubu kubwa na volti za kutisha, kwa hiyo kila mtu huzishughulikia kwa heshima. Uzoefu wangu ni kwamba hitilafu nyingi za baadaye hutoka kwenye nyaya nyembamba zinazosafiri kando ya kebo ya mota, yaani mbili za breki na mbili za kihisi joto, ambazo mara nyingi huunganishwa mwisho kabisa, jioni, fundi akiwa amechoka. Mwongozo huu unazipa nyaya hizo nafasi zinayostahili, na katika kila hatua unarudi kwenye swali moja: waya huu ukikatika au skrubu yake ikilegea, mashine itafanya nini?

Draivu inayozungumziwa hapa ni kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme ili mota iende kwa kasi inayotakiwa, ambacho mafundi wengine hukiita inverta. Ndani yake umeme wa mkondo geu (AC) hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC), ukahifadhiwa katika kapasita kubwa, kisha ukakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde ili kuigiza mkondo geu mpya. Maelezo hayo mafupi yanatosha kueleza karibu kila tahadhari itakayofuata.

Kabla ya kushika bisibisi

Draivu inayolishwa volti 400 za fezi tatu huwa na volti kati ya 540 na 565 za mkondo mnyoofu kwenye kapasita zake, na volti hizo haziondoki papo hapo umeme unapozimwa. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye kibao cha draivu, ambao kwa kawaida huwa kati ya dakika 5 na 15. Baada ya hapo pima kwa multimita kati ya terminali chanya na hasi za mkondo mnyoofu, kati ya L1, L2 na L3, na kati ya kila moja na ardhi. Skrini iliyozimika si kipimo, kwa kuwa skrini inaweza kuzimika huku kapasita bado zimebeba umeme wa kuua. Ikiwa mota ni ya sumaku za kudumu, hakikisha pia kwamba hakuna kinachoweza kuuzungusha mhimili wake, kwa sababu mota ya namna hiyo ikizungushwa na mzigo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye U, V na W hata kama swichi kuu imezimwa.

Andika mahali pamoja mambo manne kabla ya kuanza: volti na mkondo wa mota kutoka kwenye kibao chake, volti na aina ya umeme wa koili ya breki, aina ya kihisi joto kilichomo ndani ya mota, na mfumo wa ardhi wa umeme wa jengo. Jambo la tatu ndilo linalokosekana mara nyingi, na kulikisia ni kosa ambalo tutalizungumzia baadaye.

Umeme wa kuingilia

Jambo la kwanza halihitaji maelezo marefu: umeme wa jengo huingia kwenye L1, L2 na L3, kamwe si kwenye U, V na W. Ukiunganishwa upande wa kutokea, transista za ndani huungua mara moja na draivu haitengenezeki kwa urahisi. Mpangilio wa fezi upande wa kuingilia hauna athari kwa uelekeo wa mota, kwa sababu umeme wote hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kwanza. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili kati ya U, V na W au badilisha parameta (mpangilio wa ndani ya draivu) ya uelekeo, wala usipoteze muda kubadilisha L1 na L2.

Chagua fyuzi au breka kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa draivu, si kwa kukadiria kutokana na mkondo wa mota. Fyuzi hapo zina kazi mbili, kulinda kebo dhidi ya joto na kupunguza uharibifu endapo transista au diodi za draivu zitapata shoti, na kazi hiyo ya pili hutegemea aina ya fyuzi na kasi yake ya kukata kuliko ampea zilizoandikwa juu yake. Pale ambapo transfoma ya umeme ni kubwa mno ikilinganishwa na draivu, au ambapo kuna kapasita za kurekebisha pawafakta (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na inayovutwa) kwenye mtandao huohuo, weka choki ya kuingilia, yaani koili inayotuliza mkondo, yenye ukinzani wa asilimia 3 hadi 5. Choki hupunguza hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yanayochafua umeme, hukinga diodi dhidi ya vilele vya ghafla vya volti, na husawazisha mkondo wa fezi tatu. Tofauti ndogo ya volti kati ya fezi huzaa tofauti kubwa ya mkondo katika draivu, kwa hiyo pima fezi zote tatu mzigo ukiwa unaendelea, si asubuhi wakati kiwanda kimelala.

Mafundi wengi hupenda kuweka kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa koili ya umeme, kabla ya draivu, na ni sawa kufanya hivyo kwa ajili ya kukata umeme wakati wa hatari au matengenezo. Kosa ni kuitumia kontakta hiyo kuwashia na kuzimia mota. Kila umeme unapoingia, kapasita hujazwa kupitia kipingamizi kidogo cha ndani ambacho hupata joto na kuhitaji muda wa kupoa; ukiwasha na kuzima kila baada ya sekunde chache, kipingamizi hicho huungua na draivu hufa bila sababu inayoonekana. Tumia ingizo la kuanzia lililo kwenye terminali za udhibiti. Vivyo hivyo, kati ya draivu na mota usiweke kapasita za pawafakta wala vifaa vya kupunguza vilele vya volti, na ukilazimika kuweka swichi ya matengenezo upande huo, iwe na kituo kisaidizi (ncha ndogo za kugusana) kinachoizima draivu kabla swichi yenyewe haijafunguka.

Waya wa ardhi hustahili uangalifu zaidi katika draivu kuliko katika kiwashio cha kawaida. Vichujio vya ndani na kebo ndefu ya mota huvujisha mkondo kwenda ardhini ambao mara nyingi huzidi miliampea 3.5, na kiwango cha kimataifa IEC 61800-5-1 hutaka katika hali hiyo waya wa ardhi wa shaba usiopungua milimita 10 za mraba, au waya wa pili wa ardhi kwenye terminali yake yenyewe, au kukatwa kwa umeme kwenyewe waya huo ukikatika. Hapa swali letu lina jibu kali: waya wa ardhi ukikatika, fremu ya draivu na mota hubeba volti, na anayegundua ni mtu anayeigusa. Ikiwa mtambo lazima uwe na swichi ya kinga dhidi ya mkondo unaovuja, kwa draivu za fezi tatu iwe ya aina B, kwa sababu swichi za aina ya AC hazioni mkondo mnyoofu unaoweza kuvuja na zinaweza hata kupofushwa nao.

Jengo lenye mfumo usiounganishwa na ardhi, ambao huitwa mfumo wa IT, au lenye transfoma ya pembetatu iliyounganishwa na ardhi kwenye kona moja, huhitaji hatua moja zaidi. Draivu nyingi zina skrubu zinazounganisha kichujio cha ndani na varista (kifaa kinachomeza vilele vya volti) kwenye ardhi. Skrubu hizo huondolewa kwa kufuata kitabu cha maelekezo kabla ya kuwasha umeme. Zikiachwa, hitilafu moja ya ardhi mahali pengine kwenye mtandao inaweza kulipua kichujio.

Kaza terminali zote kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni. Nyaya za nyuzinyuzi zivishwe kofia za chuma na kubanwa kwa koleo lake, wala zisichovywe risasi, kwa kuwa risasi hulainika na kutambaa chini ya skrubu na baada ya miezi michache muungano hulegea. Fezi moja ikilegea kabisa, draivu nyingi hugundua kwa kuona mawimbi kwenye mkondo wake mnyoofu, lakini mawimbi hayo huonekana pale tu mzigo unapokuwa wa kutosha. Mota iendayo bila mzigo inaweza kuendelea kwa fezi mbili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njia ya nyaya

Kebo ya mota ndiyo chanzo kikubwa cha kelele za umeme kiwandani, kwa hiyo iwe na ngao, yaani wavu wa chuma unaozizunguka nyaya, na ngao hiyo iunganishwe na ardhi pande zote mbili kwa kibano kinachoizunguka nzima. Kuikusanya ngao na kuisokota kama mkia wa panya kisha kuifunga kwenye skrubu moja huharibu kazi yake kwenye masafa ya juu, hata kama multimita itaonyesha kwamba imeunganishwa. Nyaya za kihisi joto na za udhibiti zipite umbali wa sentimita 30 hivi au zaidi kutoka kebo ya mota, na zikilazimika kuivuka, ziivuke kwa pembe mraba. Kebo maalumu za mota za sevo (mota za mwendo wa usahihi), ambazo hubeba nguvu, breki na kihisi ndani ya ganda moja, zinaruhusiwa kwa sababu kila jozi nyembamba ina ngao yake ya ndani. Ngao hizo nazo ziunganishwe na ardhi, la sivyo hubeba kelele badala ya kuzizuia.

Breki ya mota

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha ya karakana huvichanganya. Kipingamizi cha breki ni kifaa cha nje kinachoteketeza nguvu inayorudi kutoka kwenye mota inapopunguza kasi, nacho huunganishwa kwenye terminali zake maalumu za draivu. Breki ya mota ni diski na koili zilizo nyuma ya mota, na kazi yake ni kuushikilia mhimili. Sehemu hii inahusu breki ya mota, ingawa kipingamizi nacho kina waya mwembamba wa kukumbuka: swichi yake ya joto lazima ikate kontakta ya kuingilia. Transista inayokiendesha kipingamizi ikipata shoti, draivu haiwezi tena kukizima, na kinachobaki ni kuondoa umeme wote.

Breki za mota za viwandani karibu zote hufunga kwa springi na kufunguka kwa umeme. Muundo huo unalijibu swali letu kwa njia nzuri, kwa kuwa waya ukikatika breki hufunga na mzigo hubaki ulipo. Wema huo hupotea fundi anapochukua umeme wa breki mahali pasipofaa.

Mota nyingi zenye breki hutoka kiwandani zikiwa na rektifaya, kifaa kinachogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, ndani ya kisanduku cha terminali, na rektifaya hiyo huwa tayari imeunganishwa na terminali za mota kwa vipande viwili vifupi vya waya. Kwa mota inayowashwa moja kwa moja na kontakta mpango huo ni mzuri, kwa sababu breki hufunguka mota inapopata umeme. Siku mota hiyohiyo inapowekewa draivu, vipande hivyo viwili lazima viondolewe. Umeme unaotoka U, V na W huanza kwa volti chache na kupanda pamoja na kasi, tena umekatwakatwa, kwa hiyo koili ya breki hupata volti pungufu, hutetemeka, hushindwa kufunguka kikamilifu, na diski husagika huku mota ikiivuta. Niliwahi kuitwa kuangalia winchi ambayo ilikuwa imekula diski mbili za breki ndani ya wiki tatu tangu ilipowekewa draivu mpya. Parameta zote zilikuwa sahihi. Vile vipande viwili vya waya vilikuwa bado mahali pake chini ya kifuniko ambacho hakuna aliyekifungua, kwa kuwa mota "haikuguswa".

Umeme wa breki, basi, utoke kwenye chanzo chake chenye volti zisizobadilika, uwe na fyuzi yake, na uongozwe na amri ya draivu. Rektifaya ya nusu wimbi hutoa volti ya mkondo mnyoofu iliyo sawa na 0.45 ya volti inayoingia, na ya wimbi zima hutoa 0.9. Kwa hiyo volti 230 huzaa takriban 103 au 207, na volti 400 kwa nusu wimbi huzaa 180. Linganisha namba hizo na kibao cha koili kabla ya kuunganisha, kwa sababu koili ya volti 103 ikilishwa 207 hupata joto mara nne ya lile iliyoundwa kulibeba, na haichukui muda kuungua.

Mahali unapoukata umeme wa breki pana uzito sawa na mahali unapouchukua. Kontakta ikikata upande wa mkondo geu pekee, mkondo uliomo ndani ya koili huendelea kuzunguka kupitia diodi za rektifaya na kufifia polepole, na breki huchelewa kufunga. Kwa mkanda wa kusafirishia mizigo uliolala bila mteremko, ucheleweshaji huo hauna madhara na huifanya mashine isimame kwa upole. Kwa kitu chochote kinachoning'inia au kilicho kwenye mteremko, kata pia upande wa mkondo mnyoofu. Rektifaya nyingi zina terminali mbili zilizounganishwa na kijiti cha chuma kwa kusudi hilo. Kijiti huondolewa na kituo cha kontakta huwekwa badala yake. Mkondo wa koili ukikatwa ghafla hutoa kilele kikubwa cha volti, kwa hiyo hakikisha kuna varista sambamba na koili. Diodi peke yake nayo huondoa kilele hicho, lakini huurudisha ucheleweshaji uleule tuliotaka kuuepuka.

Mota za sevo na baadhi ya mota ndogo hutumia breki za volti 24 za mkondo mnyoofu, ambazo huonekana rahisi na ndizo zinazowaangusha wengi. Koili hizo huvumilia upungufu wa asilimia 10 kwa kawaida, yaani volti 21.6 kwenye mota, si kwenye paneli. Chukua breki inayovuta ampea 1.5 iliyo umbali wa mita 40. Mkondo husafiri mita 80 kwenda na kurudi, na shaba ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa mita moja ya waya wa milimita moja ya mraba. Kwa waya wa milimita 0.75 za mraba ukinzani ni karibu omu 1.87 na volti 2.8 hupotea njiani, hivyo breki hupata volti 21.2, ambazo hazitoshi. Kwa waya wa milimita 1 ya mraba hupotea volti 2.1, na breki hupata 21.9, ambazo zinatosha kwa kubahatisha. Weka milimita 1.5 na usirudi tena huko. Joto huliongeza tatizo hili, kwa kuwa ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na koili iliyofika nyuzi 100 huvuta mkondo mdogo kuliko asubuhi. Breki inayofunguka vizuri saa mbili na kukwama saa nane mchana huwa na kisa cha namna hii. Angalia pia alama za chanya na hasi, kwa sababu breki zinazotumia sumaku ya kudumu hazifunguki nyaya zikigeuzwa.

Usiziunganishe nyaya za breki moja kwa moja kwenye relei ya draivu bila kusoma uwezo wake. Relei iliyoandikwa ampea kadhaa kwa mkondo geu huweza kubeba sehemu ndogo tu ya mkondo huo pale mzigo unapokuwa koili ya mkondo mnyoofu, na cheche zake hulehemu vituo vikabaki vimefungwa. Hapo breki haifungi tena hata ukizima, na ule wema wa springi umekwisha. Tumia kontakta au relei ya kati, na kwa mizigo ya kuning'inia weka vituo viwili mfululizo.

Mpangilio wa amri huwekwa kwenye parameta. Wakati wa kuanza, draivu huipa mota mkondo kwanza, huhakikisha kwamba mota inaweza kuubeba mzigo, ndipo huamuru breki ifunguke, husubiri muda wa kufunguka, kisha huanza kuongeza kasi. Wakati wa kusimama, mota hufika kasi ya sifuri na kuushikilia mzigo, breki huamriwa kufunga, draivu husubiri muda wa kufunga, na mwisho huondoa mkondo. Muda huo hutoka kwenye karatasi ya vipimo vya breki pamoja na kuchelewa kwa relei na kontakta zako. Mzigo ukishuka kidogo kabla ya kupanda, breki inafunguka mapema mno. Mota ikinguruma na kunuka wakati wa kuanza, breki inachelewa kufunguka. Mzigo ukishuka kidogo baada ya kusimama, mkondo unaondolewa kabla breki haijashika.

Kuna kazi ya usalama iitwayo STO, iliyoelezwa katika IEC 61800-5-2, ambayo huinyima mota nguvu ya kuzungusha. STO haifungi breki. Ikiitwa kwenye lifti ya mizigo huku saketi ya breki ikiwa bado na umeme, mzigo hushuka bila kizuizi. Kwa hiyo saketi ileile inayoita STO lazima iondoe pia umeme wa breki, na draivu zenye kazi iitwayo SBC hufanya hivyo kwa vituo maalumu vinavyojikagua. Kumbuka vilevile kwamba breki ya kushikilia ya mota ya sevo haikuundwa kusimamisha mzigo unaokimbia, na kila inapotumiwa hivyo hupoteza sehemu ya uhai wake.

Vihisi joto

Draivu hukadiria joto la mota kutokana na mkondo, lakini makadirio hayo hayajui kama feni ya mota imeziba vumbi. Mota yenye feni kwenye mhimili wake hupata pia upepo mdogo inapokwenda taratibu, na ndiyo hali ambayo draivu huileta kila siku. Kihisi kilichozikwa ndani ya koili ndicho kinachosema kweli.

Aina inayopatikana zaidi ni thamista za PTC, yaani vipingamizi ambavyo ukinzani wake hupanda joto likipanda, ambazo kwa mota ya fezi tatu huwa tatu zilizounganishwa mfululizo, moja kwa kila fezi, na nyaya zake huandikwa TP1 na TP2. Zikiwa baridi, zote tatu kwa pamoja huwa chini ya omu 750, na joto likipita kiwango chao kwa nyuzi 5 tu huruka hadi karibu omu 4,000 na zaidi. Waya ukikatika ukinzani huonekana mkubwa mno, draivu hudhani mota imeungua na kusimama, na hilo ndilo jibu tunalolitaka. Shoti kwenye nyaya huleta hali iliyo kinyume, yaani mota ionekane baridi daima, kwa hiyo washa parameta ya kugundua shoti ikiwa draivu yako inayo. Pima thamista kwa multimita pekee, kwa kuwa volti zaidi ya 2.5 huzipasha joto na zinaweza kuziharibu. Swichi za bimetali ni rahisi zaidi: vituo vyake hubaki vimefungwa na kufunguka joto likizidi, na huunganishwa kwenye ingizo la dijitali lililowekwa kama hitilafu ya nje.

Vihisi vya kupimia, yaani Pt100, Pt1000 na KTY84, huiambia draivu nyuzi halisi za joto, na hapa ndipo kukisia kunapoadhibiwa. KTY84 huwa na omu 1,000 kwa nyuzi 100, ilhali Pt1000 huwa na omu 1,000 kwa nyuzi 0 na karibu 1,078 kwa nyuzi 20. Draivu iliyowekwa KTY huku mota ikiwa na Pt1000 itasema mota iliyolala usiku kucha ina zaidi ya nyuzi 100, na fundi ataigundua hitilafu siku hiyohiyo. Kosa la kinyume ndilo baya: kihisi cha KTY84 kilicho kwenye nyuzi 150 huwa na karibu omu 1,330, na draivu iliyowekwa Pt1000 huzisoma kama nyuzi 85 hivi. Mota inaiva na skrini inaonyesha kwamba kuna nafasi tele. Kosa hili limeongezeka kwa sababu watengenezaji wa mota wameacha KTY na kuhamia Pt1000, hivyo mota ya akiba iliyowekwa badala ya ile ya zamani, yenye kibao kinachofanana, inaweza kuwa na kihisi tofauti. KTY ina chanya na hasi, Pt haina.

Pt100 huongezeka kwa omu 0.385 tu kwa kila nyuzi, kwa hiyo waya wenyewe huhesabika. Mita 30 za waya wa milimita 0.5 za mraba, kwenda na kurudi, ni omu 2.1, na hizo huonekana kama nyuzi 5.5 za ziada. Tumia muunganiko wa nyaya tatu au nne, au chagua Pt1000 ambayo kosa hilo kwake ni sehemu ya kumi.

Jambo la mwisho kuhusu vihisi ni zito kuliko yote, nalo husahauliwa kwa sababu haliathiri utendaji. Kihisi kimelala juu ya shaba yenye mamia ya volti zilizokatwakatwa, kikitenganishwa nayo na kihami chembamba, na upande wa pili nyaya zake huingia kwenye terminali za udhibiti ambazo watu huzigusa na ambazo zimeunganishwa na kompyuta za mtambo. Kihami hicho kikichomeka, volti za mota hupanda hadi huko. Soma kitabu cha draivu kuona kama ingizo la thamista lina kihami cha ziada. Kama halina, kihisi chenyewe lazima kiwe na kihami kilichoimarishwa, au uweke relei ya thamista katikati, ambayo hupokea nyaya za mota upande mmoja na kutoa kituo kikavu, yaani kisicho na volti yake, upande wa pili. Tumia jozi iliyosokotwa yenye ngao, na unganisha ngao na ardhi upande wa draivu.

Kuujaribu muunganiko

Anza na mota ikiwa imetengwa na draivu. Pima kihami cha mota kwa mega, kifaa kinachopima kihami kwa volti kubwa, nyaya za U, V na W zikiwa zimeondolewa kwenye draivu, na nyaya za kihisi zikiwa zimetolewa, zimeshikanishwa pamoja na kuunganishwa na ardhi. Mega ikielekezwa kwenye draivu huiharibu. Pima ukinzani wa koili ya breki na wa kihisi, na pima mwendelezo wa waya wa ardhi kutoka fremu ya mota hadi baa ya ardhi ya paneli.

Washa umeme bila kuruhusu mota iende, kisha soma volti ya ndani na joto la mota kwenye skrini. Mota iliyokaa bila kazi inapaswa kusomeka karibu sawa na joto la chumba. Ondoa waya mmoja wa kihisi na uone hitilafu ikitokea. Amuru breki ifunguke mzigo ukiwa umeshikiliwa salama au umeondolewa, sikiliza mgongo wa mota, na pima volti kwenye terminali za breki za mota yenyewe. Kisha, mzigo ukiwa umeinuliwa sentimita chache tu juu ya sakafu na watu wakiwa mbali, kata umeme wa breki wakati mota imeshikilia, na uone kama breki peke yake inaubeba. Rudia kwa kuita STO.

Vipimo vyote vya siku hiyo, yaani omu za koili ya breki, omu za kihisi pamoja na joto la chumba wakati wa kupima, volti za breki kwenye mota na muda uliouweka wa kufungua na kufunga, viandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye mchoro unaokaa ndani ya mlango wa paneli.